Kitabu Chenye Kava la Kaki

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata 71 ya History. Sabini na moja! Muhula uliopita ishirini na tisa. Rachel, ninayekaa naye dawati moja, kaniangalia kama nimeiba mtihani. Sikuiba. Lakini najisikia mwizi.

Baba kawaonyesha wateja karatasi yangu. Anauza kaniki na vitenge Kariakoo, dukani kwake watu hawakauki. Anawaambia mwanangu haachi kitabu, kile cha kaki, kila jioni nacho.

Hajui ndani kuna nini. Ni katuni. Vita vya Maji Maji, kurasa mia na kitu, zote picha. Madam Severa wa maktaba ya shule aliniazima Julai, nilipomwambia notsi za History za Kiingereza zinanipita — nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshapotea. Akasema anza na macho, maneno yatakuja. Yakaja. "Forced labour" nilikuwa naikariri tu. Nikaona mgongo wa yule mzee kwenye shamba la pamba. Sikuhitaji kamusi.

Baba anasema katuni ni za watoto wa chekechea. Kwa hiyo nikakivisha kava la kaki, juu nikaandika HISTORY FORM 3. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkutano wa wazazi, na sisi wanafunzi tukiwemo. Sijui nianzie wapi.

Mzazi mmoja kalalamika maktaba imejaa katuni, ada wanalipia nini. Mkuu wa shule akauliza wengine wanaonaje, rafu ile iondolewe? Baba akanyoosha mkono.

Akanisimamisha. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitikia chini chini.

"Huyu alikuwa na ishirini na tisa," akasema. "Leo ana sabini na moja. Hakupewa na vikatuni. Kapewa na kitabu."

Wakapiga makofi.

Madam Severa alikuwa karibu na mlango. Aliniangalia. Si kwa hasira — ingekuwa hasira ningeshukuru. Alipopewa nafasi akasema wapo wanafunzi waliosaidika. Wakamwambia amtaje hata mmoja. Akaangalia viatu vyake, akasema hawezi kumtaja mtu ambaye hajajitaja mwenyewe.

Na mimi nilikuwa bado nimesimama! Mdomo ninao.

Nikakaa.

Jumatatu, 8 Septemba

Rafu imefunikwa shuka. Vitabu vinatolewa Ijumaa, wawakilishi watatu wa wazazi wakishasaini barua. Wawili wameshasaini. Wa tatu wamemchagua Baba — kwa ile hotuba.

Rachel anasema baba yangu agombee udiwani, bango la kampeni niwe mimi. Nikacheka. Nilitaka kulia.

Nilienda kurudisha kitabu. Madam Severa hakukipokea. Kasema nikikirudisha leo kitaingia kwenye boksi na wenzake, nikae nacho. Basi. Shikamoo yangu aliitikia vilevile kama siku zote. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumanne, 9 Septemba

Baba kaja na barua nyumbani. Wakati wa chai nikasema, "Baba." Akasema sema, Mwanne.

Nikamwambia sukari imeisha.

Sukari haijaisha.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepitia dukani kutoka shule. Barua ilikuwa juu ya kaunta, mkasi umeikalia. Baba ameshika kalamu, sijui kwa barua ile au kwa kazi yake nyingine. Sikusubiri kujua. Nikakitoa kitabu, nikachana kava mbele yake. Karatasi ya kaki ina kelele jamani.

"Baba, hiki ndicho," nikasema. "Cha sabini na moja."

Kavaa miwani. Kafungua ukurasa kwa vidole viwili, kama anavyopima kitambaa. Kwao ni Liwale. Babu yake aliwasimulia vita vile; Baba huwa anaanza kutusimulia sisi, halafu anaachia njiani. Akafungua, akafungua. Mteja kauliza bei ya kitenge, Baba macho kitabuni. Mteja kaenda zake. Baba! Ambaye hajawahi kuacha mteja aondoke hivihivi.

Kisha akaweka kidole juu ya mwanamke mwenye kibuyu. Akasema aliyemchora huyu anajua kaniki inavyofungwa.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kupumua.

Akavua miwani. "Yule madam alijua kuwa ni hiki? Siku ile nilipokusimamisha?"

Nikasema alijua.

"Na akakufichia siri."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakaa."

Naandika nikiwa kwenye stuli, nyuma ya majora. Barua haijasainiwa. Haijachanwa pia. Ameikunja, ameichomeka katikati ya kitabu, na kitabu kakitia kwenye mkoba wangu. Tunamsubiri Mrisho wa duka la jirani aje atushikie duka, tuwahi shule kabla Madam Severa hajaondoka. Mrisho yuko hapo mlangoni, anamalizia kahawa yake.

Nimemuuliza Baba tukifika atasema nini.

"Mimi nilishasema," kanijibu.