Kichocheo cha Maharage

Jumanne, baada ya kula.

Kosa ni langu, nani huacha kopo la utafiti jikoni? Miezi minne nimechoma maganda ya ndizi na kuyachekecha majivu yake, eti kichocheo cha kugeuza mafuta machafu ya chipsi kuwa dizeli. Hakijageuza hata tone, na Jumatatu msimamizi anataka kukiona kikifanya kazi.

Leo Shangazi, mgeni wetu kutoka Mkuyuni, amekilamba kidogo kisha akakitia chote kwenye maharage.

“Shangazi, huo ni utafiti wangu.”

“Haya ni magadi, mwanangu. Bibi yako alikuwa akiyachuja kwenye majivu hayohayo.”

Maharage yameiva kabla ya wali. Ndilo jaribio langu la kwanza kufanikiwa.

Jumatatu sijui nipeleke nini. Labda nimpeleke Shangazi.