Mkulima Aliyepiga Simu Redioni

Jumanne

Ile sauti naijua. Leo kwa kipindi cha wakulima, kile duka letu la dawa za mifugo linadhamini, mtu alipiga simu akijiita Baba Shiku wa Kiuu. Eti kuku wake walikuwa wanakufa, akawapa dawa yetu mpya, wakapona wote.

Nyuma yake nikasikia vifaranga, na mashine yetu ya kusaga chakula ikikohoa vile hukohoa.

Mume wangu Kamau ndiye aliachwa dukani. Jioni nikamuuliza, "Baba, ulisikiza kipindi?"

"Kipindi gani?"

Na redio ya duka haizimwangi.

Halafu mama yangu akapiga simu kutoka Gatanga. "Niwekee hiyo dawa. Huyo mzee anaongea kama mtu ameokoka."

Nimemwambia imeisha. Makatoni ya hiyo dawa yamejaa dukani hadi mlangoni.