Alipocheka Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Huko hamjambo, wewe na wifi na watoto? Sisi tu wazima, ila goti la mama bado linamsumbua asubuhi. Ukimwambia apumzike, anakuuliza nyumba itafagiliwa na nani. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili nataka ulipate lote kwa mpigo mmoja. Linamhusu baba. Usishtuke, si habari mbaya.

Unajua hali ilivyokuwa tangu kiharusi kimnyang'anye sauti na upande wa kulia. Anakaa kwenye kochi lile alilolishona mwenyewe enzi za ufundi wake, macho dirishani. Daktari alituambia wazi kwamba hajui akili imebaki kiasi gani, na tusitarajie mengi. Basi tukawa tunamwogesha, tunamlisha, tunamgeuza, na polepole tukaacha kumsemesha. Tulikuwa tukiongea mbele yake kama mtu anavyoongea mbele ya kabati.

Sasa, wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kinaya. Wanafunzi waliikariri maana yake vizuri, kwamba maneno yanasema hivi na ukweli uko vile, au msomaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Lakini hadithi niliyowapa haikumchekesha hata mmoja. Binti mmoja wa dawati la mbele aliniambia kwa adabu kwamba kinaya wamekiona, ila kicheko ndicho hawajaona kiko wapi. Nikarudi nyumbani, nikaamua kuisoma kwa sauti nisikie inakwama wapi. Nilisomea sebuleni, alipokuwa baba, lakini sikuwa namsomea yeye.

Ni hadithi fupi ya tajiri mmoja mwoga aliyenunua mbwa mkubwa amlindie nyumba. Ukurasa wa kwanza tu tunaambiwa kwamba aliyemuuzia ni mwizi, na ndiye aliyemlea mbwa huyo tangu akiwa mdogo. Tajiri hajui. Anamwachisha kazi mlinzi, anang'oa makufuli, kisha anawaita majirani, anampapasa mbwa kichwani na kutamba, "Mbwa huyu, jamani, mwizi anamjua."

Hapo baba akacheka.

Kaka, hakikuwa kikohozi. Kilikuwa kicheko chake cha karakana, kile kinachoanzia tumboni na kutikisa mabega, isipokuwa safari hii lilitikisika bega moja. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani amepaliwa. Mimi nilisimama na karatasi zangu mkononi.

Hebu fikiria alichokifanya. Ili acheke pale ilibidi akumbuke ukurasa wa kwanza, ajue tajiri anaamini nini, ajue na ukweli ni upi, avishike vyote viwili kwa pamoja. Na aisikie sentensi ile inavyokwenda pande zote mbili: mbwa anamjua mwizi, na mwizi anamjua mbwa. Miaka yote nimefundisha nikidhani kicheko kimo ndani ya maneno. Kumbe kimo katika nafasi iliyopo kati ya anachojua mhusika na tunachojua sisi, na asiye na akili timamu hafiki hapo. Baba alifika kabla yangu. Yumo, kaka. Yumo mzima.

Nikapiga magoti, nikamshika mkono wa kushoto, nikamwomba anibinye kama ananielewa. Akabinya. Nikamuuliza kama alikuwa akituelewa siku zote. Akabinya tena, na safari hii hakuachia upesi. Mama akakaa pale pale sakafuni, mwiko mapajani, akaanza kumweleza yote ambayo hakuwa amemwambia: nani kazaa, nani kahama, paa linavuja upande gani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Siku ile uliponipigia tukazungumzia kuuza cherehani yake na zana za karakana, simu ilikuwa kwenye spika, mezani. Nilikunong'oneza kwamba baba yupo hapa. Ukanijibu, "Sema tu kwa sauti, mzee hatusikii tena."

Nilimuuliza baba kama aliyasikia maneno yale. Akabinya. Nikaona haya, nikaanza kukuombea radhi, nikayarudia kama ulivyoyasema. Kaka, akacheka upya mpaka machozi yakamtoka, mkono wake ukinipigapiga kama mtu anayesema ngoja kwanza nipumue. Muda wote ule alikuwa na kichekesho chake mwenyewe, akakosa wa kucheka naye.

Hana kinyongo nawe. Nilimuuliza hilo. Cherehani haiuzwi. Nalo nilimuuliza, akanibinya hadi vidole vikaniuma.

Ukipiga simu, mwambie mama amwekee baba sikioni. Msimulie chochote, hata vituko vya kazini kwako. Usimsemeshe polepole kama mtoto. Na ukifika penye kuchekesha, nyamaza kidogo usikilize.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, na safari hii sikumsemea.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba