Jamaa ya Makumi Sita na Moja

Bukavu, mardi jioni

Kashe tatu, mihuri tatu ku karatasi! Komite ya université ilikubali proje yangu ya kuuliza jamaa za quartier Kasha namna zinakula, chef wa quartier akakubali, ofisi ya hao wenye bunduki wenye kushika muji nayo ikagonga yake. Lakini hakuna mutu aliniambia nifanye nini kama askari mwenyewe anataka kujibu.

Nilikuwa natoka Kasha na majibu ya jamaa zote makumi sita, nafurahi kama mwenye kushinda examen. Ku barière, askari akanyanganya karatasi. Kazi ya miezi mine mu mikono yake! Akasoma polepole: «Munakula mara ngapi kwa siku?»

Akaniangalia. «Maman, mbona mimi haukuniuliza?»

Nikamuelezea: komite ilikubali jamaa za Kasha tu, na ya kwake iko Shabunda, mbali sana na hapa. Akasema kashe ziko sawa, niandike. Basi nikaikala juu ya jiwe, nikatosha bic, nikamuuliza kwa heshima yote, sawa vile ninauliza wamaman.

«Munakula mara ngapi?»

«Mara moja. Jana, hapana.»

«Jana usiku, watu ngapi walilala mu nyumba?»

Akahesabu na vidole. «Watano, na mimi ndani.»

Akanirudishia karatasi, amezipanga vizuri kunipita.

Profesa atapiga kelele: jibu la uongo linakatwa na bic nyekundu, na huyu jana usiku alilala ku barière, hapana Shabunda; tena hiyo jamaa haiko ya Kasha. Najua. Bic nyekundu niko nayo hapa tangu saa moja.

Watano, na yeye ndani.

Nimeifunika hiyo bic bila kukata.