Eshapema ya Gari la Afande

Ruti, Mbarara

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Mumeamkaje huko Uvira? Kikohozi cha shemeji kimepoa? Watoto wanalala usiku mzima? Hilo la kulala naliuliza zaidi ya mengine kwa sababu simu yenu haipiti, na habari tunazozisikia si nzuri. Barua hii nampa jirani yetu wa kambini Nakivale anayekuja huko kumzika baba yake. Mimi mzima wa mwili, Mama pia mzima, ila kuna jambo limetupata, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla mtu hajakufikishia akiwa amelikuza.

Bado niko kwenye gereji hapa Ruti, nachomelea mabomba ya moshi, zile eshapema kama alivyoziita marehemu baba. Siku za kazi nalala hapa, Jumamosi narudi kambini kwa Mama. Sasa akaja mteja mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, sisi sote tunamwita Afande. Ana gari la michezo la zamani, jekundu, viti viwili tu, na kila kitu ndani yake ni kile kile cha kiwandani.

"Fundi," akaniambia, "mimi nataka hii gari ilie. Toa hii sailensa, weka bomba kubwa. Nasikia inaongeza nguvu."

Yaya, nilianza kuogopa hapo hapo. Mtu wa jeshi akisimama mbele yangu, hata akiwa anacheka, macho yangu yanatafuta mlango. Na mimi ni mkimbizi kwenye mji wa watu. Neno lake moja kwa bosi linatosha kunirudisha kambini nikalime maharage kwenye kile kipande chetu cha mawe. Nikamweleza kwa sauti ndogo kwamba injini yake ni ndogo na kabureta haijaguswa, kwa hiyo bomba pana litaleta kelele tu, na kwenye mlima gari litavuta vibaya kuliko sasa. Tena eshapema yenyewe ilikuwa na tundu moja tu la kutu, la kuzibwa kwa kiraka, na ukiikata hupati nyingine kama ile fasi yoyote hapa.

Bosi akanikanyaga mguu. Afande akasema, "Wewe jaribu kwanza."

Basi nikajaribu, ila sikukata kitu. Niliifungua ile ya zamani bolti kwa bolti, nikaiweka kwenye gunia, nikatengeneza bomba pana lililonyooka, la kufungwa kwa bolti vile vile, ili niweze kuirudisha ile ya zamani. Gari lilipowaka, mafundi wenzangu wakaacha nyundo wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

"Panda," akasema Afande. "Twende kwenu Nakivale, mama yako aone kazi yako."

Ningekataaje? Njiani ikawa kama nilivyosema, kila kilima gari linalalamika na Afande anazidi kukanyaga mafuta. Tukapita Rwekubo watu wa maduka wakitupungia mikono. Halafu tukaanza kuteremka kuingia kambini. Afande akaachia mafuta, na petroli isiyoungua ikawa inalipukia ndani ya bomba. Pa. Pa-pa. Pa-pa-pa. Wewe unaujua mlio huo, sina haja ya kukueleza.

Soko lilikuwa limejaa. Nikaona watu wanakwenda chini wote kwa pamoja, kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Hakuna aliyepiga kelele, maana watu wa kwetu wanajua kwamba ukipiga kelele unaonyesha ulipo. Wanawake wakaacha visamaki vyao vya ndagala chini, wakabeba watoto, wakaingia kwenye mahindi. Nikamshika Afande mkono, mimi, nikamwambia azime. Akazima.

Nikakimbia nyumbani. Mlango wazi, sufuria juu ya makaa, na kile kifurushi cha Mama cha kukimbilia, kinachoning'inia nyuma ya mlango tangu tufike, hakipo. Nikazunguka mashamba nikiita. Nilidhani moyo wake umesimama mahali. Nilimkuta kwenye mtaro nyuma ya kanisa, amelala kifudifudi, kifurushi chini ya tumbo.

"Mama, ni mimi Bahati. Si vita. Ni gari, ni eshapema niliyofunga mimi."

Akanivuta shati. "Najua ni motokari, baba. Hata kule ilianza na motokari. Lala, bapite."

Nikalala. Tukangoja wapite watu ambao hawakuwepo, na nakuambia kweli, baada ya muda kidogo na mimi nikawa nawasikia.

Nilipomfikisha Mama nyumbani na kurudi barabarani, Afande alikuwa amekaa peke yake ndani ya gari, hakuna aliyemsogelea hata kwa kumtukana. Hakuliwasha. Alishuka, tukalisukuma sisi wawili mpaka mbali na nyumba za mwisho, yeye akitokwa jasho. Ndipo akaniambia, "Wewe ndiyo fundi. Kama hii bomba ni nzuri, acha. Kama si nzuri, toa. Kesho kutwa nakuja kuangalia."

Tulirudi na gari Ruti, na bomba nimelitoa. Nimeziba lile tundu la kutu na kuirudisha eshapema ya zamani, na gari linavuta mlima vizuri kama mwanzo. Kesho anakuja, nami nitamwambia usoni kwamba lile bomba halikuongeza nguvu, na hata kama lingeongeza nisingelifunga tena. Bosi anasema nimejiharibia, mwenye gari anapenda sauti na mimi nani nimkataze. Naogopa mingi, Yaya. Sijui Afande atakuja na sura gani. Lakini ule mtaro nauogopa zaidi.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, na shangazi yetu muuza ndagala, na yule mzee wa kanisa aliyetuombea asubuhi tuliyoondoka. Watoto uwashike vichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Mama anakusalimu. Kifurushi alikirudisha nyuma ya mlango kabla sijaondoka, ila alipigilia msumari mwingine chini kabisa, ili mkono ukifikie akiwa amelala. Amenituma neno moja, nimeliweka mwisho lisikupotee: ukiusikia mlio huo, usisimame kuuliza kama ni gari.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Bahati