Kaseti ya Paskazia Batholomeo

Mwaka umetimia leo, tarehe 14 Machi 1996, tangu tukuzike hapa Ipagala, Paskazia. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea.

Kinanda ulifundishwa na masista kule Kondoa. Ulipofika Dodoma ukawa karani wa shirika la umma siku za kazi, na kila Jumamosi mpiga kinanda na mwimbaji wa bendi ya jazi ya shirika hilo. Waliokuja kucheza waliishia kusimama na kukusikiliza. Nyumbani hata muuza maziwa hakupona. Akibisha ovyo ulimkemea, "Hodi gani hiyo isiyo na mapigo? Hebu rudia!" Kisha ulimkaribisha chai.

Shirika lilipouzwa, bendi ilivunjwa, na kinanda kikapigwa mnada pamoja na viti. Ukakaanga karanga za kuuza, ukafundisha kwaya ya parokia bure. Tulipokuonea huruma ulitucheka: "Sauti yangu hawajaibinafsisha." Kisha kifua kikaanza kukubana, na dawa zote tulizohangaikia hazikufua dafu.

Lipo jambo ambalo mumeo Elieza ameshindwa kulibeba peke yake. Siku ya maziko mvua ilikuwa imekata barabara ya Kondoa, na kaka yako Thobias hakuweza kufika. Elieza alitaka apelekewe japo ibada aisikie. Akachukua kaseti kabatini, isiyo na maandishi, akairekodia misa na salamu zote za rambirambi. Ilikuwa ile ya nyimbo zako, na hatukuwa na nyingine. Hukuwahi kuiandika jina. Ulikuwa ukisema, "Nani humu ndani asiyeijua?"

Binti yako Anjelina amewatafuta wenzako wa bendi hadi Nzuguni. Hakuna mwenye kanda. Elieza naye, tangu Thobias airudishe ile kaseti, kila Jumapili huisikiliza mpaka mwisho, labda pamebaki japo mstari mmoja wako. Hakuna. Kuna saa nzima ya watu wakisimulia jinsi ulivyokuwa ukiimba.

Tusamehe, mama.

Unakumbukwa na mumeo Elieza, wanao Anjelina na Miriam, kaka yako Thobias, wanakwaya wako, na majirani wote wa Ipagala. Kukusahau hatutakusahau kamwe. Ila Miriam, aliyetimiza miaka mitano, ameuliza juzi mama alikuwa akiimbaje. Tulijaribu kumwimbia, kila mtu kwa namna yake, na hakuna aliyepatia.