Mashini Iliyokataa Jina la Mama

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano

Nimefungua sekretaria, duka letu la kuchapa karatasi, saa mbili. Foto-kopi sita, barua moja ya kuomba kazi. Kisha mashini ya kuandikia, kompyuta yetu, ikaganda tena. Virusi. Kila mtu anayekuja kuchapisha anatuletea kle yake ya USB na uchafu wake. Nimechoka nao! Saa nne nikafunga mlango, nikaanza kuweka sistemi mpya ya kuendesha mashini, ya bure, niliyoletewa toka Kindu. Mafaili ya zamani niliyahamisha kwanza kwenye diski ya pembeni. Mimi si mjinga.

Wingu limefunika jua, batri ya sola inashuka, na mashini inauliza maswali tu: lugha, saa, klavie, yaani vitufe vya kuandikia. Nikabonyeza "endelea", "endelea". Moja tu nililisoma vizuri: unataka diski ifungwe kwa neno la siri? Ndiyo! Karatasi za watu ziko humu. Nikaandika jina la marehemu mama yetu, amina, herufi ndogo. Sakina, mdogo wangu, alikuwa kando yangu. Tunalijua sisi wawili tu. Ikawaka, ikauliza neno, nikaandika, ikafunguka. Nilijiona injinia.

Jumanne, tarehe 6

Sistemi nyepesi. Lakini naandika Kabambare, inatoka Kqbq;bqre. Nimetukana mpaka nikaona haya. Sakina akacheka machozi yakamtoka. "Yaya, umeitia wazimu!" Ndivyo anavyoniita, mimi dada yake mkubwa.

Niliporudi toka sokoni ilikuwa inaandika sawasawa. Sakina kaitengeneza. Sikumuuliza kwa namna gani. Sikupenda kwamba yeye anajua na mimi sijui.

Ijumaa, tarehe 9

Mvua tangu jana. Kazi kubwa iko mezani: majina na pointi za mitihani za wanafunzi wote wa shule moja ya Kabambare. Sakina anaandika siku ya tatu sasa. Mashini hatuizimi, tunaifunika tu ilale.

Leo karudi kwenye wimbo wake wa kwenda Salamabila. Eti kule wachimbaji wa dhahabu na wachuuzi wanatafuta mtu wa kuwaandikia karatasi, hakuna. Nikamwambia aandike hapa kwanza.  Baadaye nimemkuta anatengeneza kitu kwenye mashini, nilipokaribia akakifunga haraka. Nini hicho? Hakuna kitu, yaya. Sikupenda.

Jumamosi, tarehe 10

Siku mbaya. Mvua imekula batri, mashini ikazimika yenyewe. Jua likatoka saa tano, nikaiwasha. Ikauliza neno. Amina. Imekataa. Amina. Imekataa. Mara kumi na zaidi. Na prefe, mkuu wa ile shule, yuko kwenye benchi, katoka Kabambare na pikipiki, matope mpaka magotini, anangoja orodha yake.

Nikamgeukia Sakina. "Ni weye uligusa hii mashini."

"Nilibadilisha klavie tu, yaya. Ile neno sikugusa."

"Unaona? Umekubali mwenyewe!"

Nikamwita mwizi. Mbele ya prefe. Nikasema anataka kubeba kazi yetu aende nayo Salamabila. Prefe akaangalia viatu vyake. Sakina hakulia. Alichukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka.

Jumatatu, tarehe 12

Amekwenda. Pikipiki ya Salamabila, asubuhi, mfuko mmoja. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Akasema, "Bakia na mashini yako, Riziki."

Riziki! Tangu azaliwe hajaniita kwa jina, ni yaya tu. Mama angekuwa hai angempiga kofi. Au mimi ndiye angenipiga, sijui.

Ile mashini sitaifuta. Nimeiweka chini ya kitanda. Aibu itamshika, atapiga simu, atalitaja neno lenyewe. Nangoja.

Jumatano, tarehe 21

Hajapiga. Orodha nimeiandika upya kwa mashini ya kuazima, ya parokia. Siku nane, vidole viwili. Sakina anaandika kwa vidole kumi huku anaongea. Mgongo wangu umekwisha. Kesho naipeleka mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 23. Kabambare

Barabara imenivunja mifupa. Prefe kanipokea vizuri. Hakuuliza habari za Sakina, na hilo limeniuma kuliko angeuliza.

Jina moja nilikuwa nimelikosea. Prefe akasema karani wake atarekebisha, nikae naye nimsomee. Karani ni mzee wa pole. Akaniambia, "Usishangae mama, klavie yangu ni ya Kiingereza. Penye A ya kwetu, huku iko Q."

Nikainama nikaangalia. Penye M yetu iko nukta-mkato. Kqbq;bqre.

 Siku ile ya kwanza, nikibonyeza endelea, endelea, mashini ilishika klavie ya Kiingereza, na vitufe vyetu ni vya Kifaransa. Niliandika amina, yenyewe ikapokea q;inq. Nikirudia vilevile inafunguka, maana kosa ni lilelile. Mpaka Sakina alipoirudisha kwenye Kifaransa. Ndiyo klavie aliyosema kabadilisha. Hakuficha kitu. Kosa lilikuwa langu, na yeye alikuwa ananisafishia.

Karani kaniuliza kama nina malaria. Nimesema ndiyo.

Jumapili, tarehe 25. Kasongo

Nimeitoa mashini chini ya kitanda kabla ya chai. q;inq. Ikafunguka mara ya kwanza.

Kazi yote iko. Majina yote, pointi zote, hata lile jina nililokosea mimi, yeye kaliandika sawa. Na faili moja nisiyoijua. Kibao cha duka, herufi kubwa, kakipamba kwa maua pembeni: SEKRETARIA WANA WA AMINA. KASONGO NA SALAMABILA. Chini yake: Mkubwa, Yaya Riziki. Msaidizi, Sakina.

Ndicho alichokuwa ananificha.

Nimelia kama mtoto. Ulimi huu! Sikumpa hata siku moja ya kujieleza.

Jumatatu, tarehe 26

Simu mara saba. Inaita, hapokei. Nimeandika ujumbe: Nilikosea. Ni mimi, si wewe. Nisamehe, mdogo wangu. Kimya.

Basi nimeifunga mashini katika kitenge changu kipya, nikampa mwendesha pikipiki tunayemjua, aende nayo Salamabila polepole. Ndani nimeweka karatasi: q;inq, na namna kosa lilivyotokea. Nimeongeza kwamba kibao chake ni kizuri. Nilitaka kuandika mengi, nikakunja karatasi.

Alhamisi, tarehe 29

Meza tupu. Nafanya foto-kopi tu, wa kuandikiwa barua nawarudisha. Kiti cha Sakina nimekiacha pale pale.

Saa nane simu ikalia. Ujumbe.

"Riziki, mashini imefika."

Hayo tu. Nimeusoma tena na tena, natafuta lile neno yaya. Halimo. Kuna mtu mlangoni anataka foto-kopi mbili.